Siku Ulipouangalia Mchanga wa Tiva

Mpendwa ndugu yangu Salimu,

Kesho asubuhi nitaondoka Kikima na gari lako. Tangu homa ikuchukue tukakuzika, gari lilikuwa limekaa tu uani. Mwezi uliopita mkeo alinipa ufunguo akasema, "Kuku wamezoea kulala ndani ya hiyo gari. Wewe chukua, uende kwa mashindano ya magari." Ni siku mbili za barabara, na ya tatu kuzunguka kiwanja, kama zile zetu. Naogopa, Salimu. Naogopa kuliko tulipokuwa wawili, ukinicheka, "Wewe mlokole, omba kwa sauti basi, injini pia isikie."

Unakumbuka kona za kushuka Mbooni? Nilishika mlango kwa mikono miwili huku nikitakiwa kukusomea njia, na karatasi yenyewe nimeikalia. Wewe uliimba. Wenzetu walikuwa na magari mazuri. Sisi tulikuwa na hili ulilonunua kwa mpima ardhi aliyehama, mlango mmoja umefungwa kwa waya. Kule Kasikeu watu waliona namba tuliyoichora kwa chokaa wakadhani tumetumwa na serikali.

Kazi yangu nyingine ilikuwa mito. Mito yetu ya mchanga inadanganya. Juu ni pakavu, lakini chini kuna visima ambavyo wanawake walichimba wakaviacha, mchanga ukavifunika. Kwa hiyo kila mto nilishuka, nikavuka kwa miguu nikiupiga mchanga kwa fimbo mahali magurudumu yatakapopita, na nikifika ng'ambo nainua mkono. Ndipo wewe unakuja. Hivyo ndivyo tulivyofanya tangu Kalamba.

Tulifika Tiva siku ya pili mchana, tumechelewa kwa pancha. Wenzetu walikuwa wamepita na kuichimbua njia yote, ikabidi tutafute mahali papya, karibu na majabali. Upande wa Machakos kulikuwa na wingu jeusi. Mto huo ndio uliomchukua mama yangu mdogo, mchana kama huo, maji yakija na kwetu halijanyesha hata tone.

Mficha uchi hazai, Salimu, nami nimelificha hili hadi leo. Sikuupima mchanga. Nilipita juu ya majabali, mbio, hadi ng'ambo, nikainua mkono.

Ulikaa kidogo, injini ikinguruma. Nilidhani unaangalia saa. Halafu ukaja. Katikati gurudumu la mbele lilizama mpaka kwenye taa, na mlango wako, ule usiofungwa kwa waya, ukabanwa na mchanga. Kisha tukasikia mvumo kutoka juu. Wanawake waliokuwa wakiteka maji chini kidogo wakapiga kelele, "Maji inakuja! Toeni huyo mtu!" Mimi nilisimama tu. Wao ndio waliokimbia kwanza. Walifungua mikwa yao, zile kamba za ngozi wanazobebea madebe, wakaiunga pamoja, wakaifunga mbele ya gari. Hapo ndipo miguu yangu ilipokubali. Tulivuta sote. Maji ya kwanza yalinifika vifundoni, mekundu, na wewe ndani ulikuwa ukiniita, "Mutinda, Mutinda," bila kupaza sauti. Gari lilitoka. Tukiwa bado tunahema, mti mzima ulipita pale gari lilipokuwa limekwama.

Kwenye kituo cha kugongewa muhuri karatasi ya njia, msimamizi alitaka kujua nani aliupima mto. Ukajibu, "Tuliangalia sisi wote wawili." Nikajiuliza, huyu hata hakushuka garini, aliangalia nini? Kwenye mto uliofuata ulizima injini. "Shuka, Mutinda. Sina haraka," ukasema, nasi ndio wa mwisho kabisa! Nilivuka nikilia, nikipiga kila hatua. Kesho yake tulizunguka kiwanja mchanga ukimwagika milangoni, na watu walicheka sana.

Wiki iliyopita nilirudi Tiva kujizoeza. Shemeji yangu Kioko ndiye atakayenipimia mito. Alivuka na fimbo, nami nimeketi mahali pako, mikono kwenye usukani wako. Nikaziona nyayo zake. Kila moja, kutoka kwenye gurudumu langu hadi ng'ambo, wazi kama maandishi ubaoni. Siku ile mchanga mbele yako haukuwa na hata unyayo mmoja, na wewe uliuona. Hukuwa unaangalia saa.

Kwa nini ulikuja? Labda uliuona uso wangu kutoka ng'ambo, ukajua kwamba ukiniambia nirudi niupime, nitakimbia nisirudi tena kwako. Ukaona afadhali uzame. Jibu hilo linanitisha kuliko maji.

Mimi sina moyo kama wako. Kesho Kioko akiinua mkono, nitatafuta nyayo kwanza. Nisipoziona, nitazima injini, nishuke, nimfuate alipo, nimshike mkono turudi tukaupime mchanga pamoja, naye asiwe na siri ya kubeba kama mimi.

Mungu akurehemu, ndugu yangu. Nikifika Tiva, niite jina kama siku ile, polepole.

Ni mimi, mpima mito wako,
Mutinda