Kanda Safi za Baba

Mji wa Ibra, Alhamisi, Julai 2007

Joto la leo halisemeki. Kiyoyozi kinanguruma tangu asubuhi na bado shingo yangu imelowa. Lakini si joto linalonifanya nizigonge herufi hizi kwa nguvu. Nina hasira, na nimechoka kuificha.

Mdogo wangu Rahma yuko hapa tangu Jumatatu. Mumewe, Nasir, kampiga huko kwao Nizwa, Rahma akatufikia kwa teksi na mkoba mmoja, shavu limevimba. Kesho baada ya sala ya Ijumaa Nasir anakuja na ami yake kumchukua, na Baba keshasema atampa. "Kofi moja tu hilo, mwanangu. Utarudi kwa mumeo." Halua ya wageni imeshaagizwa.

Halua, eti.

Sasa nieleze habari ya kanda, maana bila ya hizo hasira yangu haitaeleweka.

Miaka ya tisini, Baba alikuwa na kazi ya ziada ambayo hakupewa na mtu. Alisafisha picha za sinema. Anazipenda zile za zamani za Hollywood, zisizo na rangi, kwa sababu ndizo alizokuwa akiziona Unguja ujanani mwake, kabla ya kuhamia huku. Kakake alimletea kanda kutoka Uingereza. Lakini nyumbani kulikuwa na mabinti wawili, na haikuwezekana tukae sote sebuleni huku watu wanabusiana mbele yetu. Basi akaunganisha mashine mbili za vidio kwa waya, moja inacheza, nyingine inarekodi. Likija busu, ile inayorekodi inasimamishwa. Likipita, inaachiwa iendelee. Kanda mpya inatoka haina busu, haina kitanda, haina gilasi ya mvinyo. Mwisho anabandika kikaratasi na kuandika kwa wino wa kijani: SAFI.

Msaidizi wake nilikuwa mimi. Nina miaka kumi na mbili, kidole changu kiko kwenye kitufe. Baba amekaa kando na tasbihi yake, akisema "kata" nakata. Ili nikate vizuri ilibidi niangalie vizuri, kwa hiyo nyumba nzima mimi ndiye niliyeyaona mabusu yote, kwa ajili ya kumkinga Rahma asiyaone. Hilo lilimpita Baba, nami sikumkumbusha.

Kanda zake zilisifika. Watu wetu waliotoka Unguja, wa Sur, wa Nizwa, hata jamaa waliokwenda Sinaw kufanya biashara, waliziazima. Mtu akija kutembea Ijumaa, akiondoka ana kanda tatu kwenye mfuko. Mwenye watoto akiuona wino wa kijani hana wasiwasi, anaondoka sebuleni na kuwaachia. Kwa kina Nasir walizichukua sana. Huyo mume wa Rahma kalelewa na kanda zetu.

Hadithi zenyewe zilikuwa hazieleweki tena. Mwanamme na mwanamke wanapeana mkono kituo cha treni, pale pale wanambembeleza mtoto. Rahma, miaka tisa, akaamini kuwa mimba inaingia kwa kupeana mkono. Mwezi mzima alikuwa akificha mikono nyuma kila akija binamu yetu. Tulimcheka mpaka basi.

Wiki iliyopita, kwenye kompyuta ya skuli ninayosomesha, nikasoma kwamba hao Wamarekani nao walikuwa na mkasi wao. Studio zenyewe ziliweka ofisi, na hadithi ya kila picha ilipitia humo kabla ya kuonyeshwa. Walikuwa na orodha. Busu lisikawie. Mke na mume walale kila mmoja kitanda chake. Hapo nikafahamu kwa nini utotoni niliamini kuwa Wamarekani wote wanalala kama wagonjwa wa hospitali. Na mhalifu asimalize picha bila ya adhabu. Mwizi lazima akamatwe, muuaji lazima afe.

Kwa hiyo Baba alikuwa anakata kilichokwisha kukatwa. Mikasi miwili, mabara mawili, na wenye mikasi wote walikuwa na uhakika kuwa wametulinda.

Basi nikaanza kukumbuka kilichopita katikati.

Kuna picha moja tulikuwa tunaipenda kuliko zote. Mke ana ulimi mkali, mume kachoka. Siku moja anamzaba kofi, kisha anakaa kwenye kiti, anamlaza mapajani kama mtoto na kumchapa kwa kiganja, mbele ya watu. Muziki unachezacheza. Wazee wanatabasamu. Mke anainuka, anapangusa machozi, na tangu hapo anakuwa mpole, anampenda mumewe kupita kiasi. Mwisho.

Ofisi yao iliipitisha. Baba aliipitisha. Wino wa kijani.

Na mimi? Sitaki kujitoa. Nilicheka. Rahma ndiye aliyekuwa akiomba irudiwe, nami nikairudia, mara tatu, mara nne, sote tumeshika mbavu. Kidole kilikuwa changu. Hakuna aliyeniambia kata, wala haikunipitia kichwani kuwa hapo pana cha kukata. Mwizi wao hakuruhusiwa kumaliza picha bila ya kukamatwa, lakini aliyempiga mkewe alimaliza akipigiwa muziki. Na kule Nizwa, sebuleni kwao, Nasir naye alikuwa anacheka.

Sisemi kuwa picha ndiyo iliyompiga Rahma. Mkono ni wa Nasir na ataubeba mwenyewe. Ninachosema ni kuwa watu wazima walikaa wakatazama kila dakika kwa makini, wakatafuta uchafu, na kipigo kile wakakiona ni usafi.

Leo alasiri nikashindwa kuvumilia. Nikaingia stoo, nikaitoa mashine ya vidio, nikaifuta vumbi, nikaitafuta kanda. Ilikuwapo. Nikaiunga mashine na televisheni sebuleni. Baba alikuwa anakunywa kahawa, akafurahi. "Umeipata wapi hiyo?" Akasogeza mto akae vizuri.

Nikaipeleka mpaka mahali penyewe. Kofi, kiti, mapaja, muziki.

"Baba," nikamwambia, "hapa mbona hukukata?"

Akatazama. Akanitazama na mimi. "Hapa pana nini?"

Hakuwa ananikejeli, wallahi. Alikuwa anauliza kweli. Babaangu, ambaye macho yake yalikuwa yakiliona busu kabla midomo haijakaribiana, hakuona kitu.

Nikapandisha sauti. Maishani mwangu sijawahi kumpandishia sauti Baba. Nikamwambia kuwa alitukinga na watu wanaopendana, akatuachia watu wanaopigana, na sasa anamrudisha Rahma kwenye kile kipande alichokiacha. Mama alikuwa mlangoni. Mama hajawahi kuingilia neno la Baba, nikajua ataniambia ninyamaze.

"Mwonyeshe tena," akasema Mama.

Nikamwonyesha tena. Na tena. Mara ya tatu Baba aliweka kikombe chini. Ikaadhiniwa Magharibi, akavaa kofia yake, akatoka kwenda kusali.

Aliporudi msikitini alikuja mpaka mlango wa chumba chetu, mahali ambapo hajasimama tangu tulipovunja ungo. Akamuuliza Rahma: "Kakupiga mara ngapi?"

Rahma akatazama chini. "Tangu mwezi wa kwanza wa ndoa, Baba. Sikuweza kukwambia."

Baba akashika fremu ya mlango. Akasema kuwa kesho wageni watakunywa kahawa na watarudi Nizwa wawili, kama watakavyokuja. Akaondoka.

Nilidhani hasira itaniisha. Haijaisha. Imezidi.

Maana shavu la Rahma lilikuwa mbele yake siku nne, kwenye sinia moja la wali, na hakuliona. Ilibidi aonyeshwe mwanamke wa Kizungu asiyemjua, mara tatu, ndipo amwone mwanawe.

Kesho naingia majlisi, chumba cha kupokelea wageni wa kiume, pamoja na wanaume, na nitakaa karibu na Baba. Akilegea, nitasema mimi.