Mparachichi Nyuma ya Jiko

Gisenyi, 2 Juni 2024

Mama Verediane,

Salamu nyingi zikufikie huko kisiwani Idjwi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wanaokuzunguka. Sisi hapa hatujambo. Mvua zimekoma, na kila asubuhi ziwa linatoa ukungu mzito hata sioni lango langu mwenyewe.

Hunijui. Naitwa Muhire, nafundisha jiografia hapa mjini. Jina lako nimelipata kwa mzee Vénuste wa Rugerero, aliyekuwa mtunza bustani wa nyumba ninayokaa sasa na mke wangu Ingabire: ile ya baraza lenye matao matatu, ya mwisho kabla ya ziwa.

Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, kwa wazazi wakimbizi. Tuliporudi Rwanda nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nyumba yetu tukaiacha kule. Mpaka leo naota niko ndani yake, na watu nisiowajua wananiuliza kwa upole natafuta nini. Labda ndiyo sababu, tangu tuhamie hapa, siachi kujiuliza nani waliamka humu kabla yetu. Karatasi za nyumba zinataja majina matatu tu: Mbelgiji mnunuzi wa kahawa, afisa mmoja wa serikali ya zamani, na mfanyabiashara aliyerudi kutoka Kongo, ambaye ndiye aliyeniuzia. Mzee Vénuste alipoyasikia alicheka kidogo. “Hao walilala humo,” akaniambia. “Aliyeishi humo ni Verediane.” Nilimwomba aendelee, akasema maneno mengine si yake kuyatoa.

Amenieleza kwamba masikio yako hayashiki tena simu, ndiyo maana nakuandikia. Barua ataileta Diane, yule anayenunua mananasi yenu Goma na kuyavusha mpakani, pale Petite Barrière. Ukiwa na nguvu, Mama, niambie lolote unalokumbuka.

Mwanao usiyemjua,
Muhire


Idjwi, 23 Juni 2024

Mutoto wangu Muhire,

Jambo sana. Mi niko muzima, Mungu anasaidia. Ni masikio ndiyo ilikwenda, na goti moja. Muke yako Ingabire iko aje? Na kazi ya masomo?

Diane alinitumia barua yako ndani ya kitunga ya mananasi, ikarudi na boti. Nilisoma mara tatu. Nilifikiri hakuna tena mutu kule Gisenyi anajua jina yangu.

Bon. Nilifika mu ile nyumba mwaka 1972, nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilifua manguo ya Monsieur na Madame, ule afisa unasema. Baraza nilipiga rangi nyekundu ya cirage mpaka inaangaza sawa mayi, na Madame alikuwa anavua viatu asichafue. Nililala kwa chumba ya nyuma, pembeni ya jiko. Asubui ukungu ilikuwa inaingia kwa dirisha sawa mugeni anajua njia. Madame alisema funga, mi niliacha wazi. Halafu ukungu inaanza kwenda, naona nguo kwa kamba, moja, moja, sawa batu banarudi safari. Hata leo, kama nafunga macho, niko pale, na mikono yangu inanuka sabuni.

Vénuste alikuwa kijana mwembamba, anaimbia miti. Anaimba bado?

Sasa ni mi nauliza. Nyuma ya jiko, karibu ya ukuta, kulikuwa muti ya avoka. Iko bado? Hii usisahau kunijibu.

Mama yako wa ngambo,
Verediane


Gisenyi, 14 Julai 2024

Mama Verediane,

Shikamoo Mama. Goti linaendeleaje? Ingabire anakusalimu sana. Barua yako niliisoma kwa sauti mezani, akaniomba niirudie pale penye ukungu na nguo. Tangu siku hiyo dirisha la chumba cha nyuma halifungwi. Asubuhi tunakwenda kusimama humo na vikombe vyetu vya chai.

Mzee Vénuste haimbi tena, ila nilipomtajia jambo hilo alitazama pembeni akatabasamu.

Uliniuliza kuhusu mparachichi. Upo, tena umepita paa, na matunda yake ni madogo, meusi, matamu ajabu. Lakini utaniwia radhi, Mama, hautakuwepo kwa muda mrefu. Tunajenga vyumba vinne vya wageni nyuma ya jiko, na msingi unapita hapohapo. Fundi Derek ataukata Jumatatu tarehe 5 Agosti. Nimemwambia aniwekee kipande kizuri cha mbao, nikutengenezee kigoda.

Niandikie tena. Barua zako zimekuwa kama redio ya nyumba hii.

Mwanao,
Muhire


Idjwi, 28 Julai 2024

Muhire mutoto wangu,

Leo salamu ni fupi. Usikate ule muti. Kama barua hii inafika Derek hajakata, kwenda mbio, umwambie angoje.

Chini yake mutoto wangu amelala. Jina yake Nziza. Alizaliwa mu ile chumba ya nyuma, na baba yake ni Vénuste. Tulikuwa tunangoja kuoana. Nziza alikuwa na miezi saba, ameanza kukaa yeye peke, nilikuwa namuweka juu ya manguo kavu nikifua. Homa ilimushika siku tatu. Monsieur na Madame walikuwa Kigali. Mutoto hakubatizwa, na sisi hatujaoana. Tulisikia haya, hatukuthubutu kupiga mulango ya padri wa paroisse kuomba fasi ya kaburi. Vénuste akaleta sanduku ya sabuni. Mi nikamufunga na kitenge yangu. Akachimba asubui, ukungu ingali chini, halafu akapanda avoka juu. Akasema hakuna mutu anachimba fasi kuko muti inazaa.

Madame aliporudi nilimwambia mutoto nilimutuma Idjwi kwa mama yangu. Akasema ni vizuri, sasa utafua bila kusumbuliwa.

Nilikaa miaka mbili tena. Muti ikatoa majani mingi, na mi sikuweza kuiangalia. Nikarudi kisiwani. Vénuste alinifuata mara moja, nikajificha kwa jirani mpaka boti yake ikarudi. Nilipata bwana hapa, nikazaa batoto bane, beko wazima. Hakuna hata mumoja anajua. Bwana yangu alikufa bila kujua. Ni we wa kwanza namwambia.

Mimi naota ule muti. Mu ndoto unatembea juu ya mayi, polepole, bila kuloana, unakuja huku Idjwi. Kila mara naamuka haujafika bado.

Nakuomba, mutoto wangu.

Verediane


Gisenyi, 18 Agosti 2024

Mama yangu Verediane,

Nakusalimu kwa heshima. Kaa chini kabla ya kuendelea kusoma, na mtu wako mmoja awe karibu.

Barua yako imenifikia Jumamosi tarehe 10. Upepo ulizuia boti kutoka kisiwani, na Diane alikwenda bandarini Goma siku nne akirudi mikono mitupu. Derek alikuwa ameshaukata mti tarehe 5.

Nitakueleza ilivyokuwa, sitakuficha. Jumatano, walipokuwa wanang'oa kisiki, waliona mbao zilizooza, mizizi imepita katikati yake, na ndani mifupa midogo sana. Derek alitoka shimoni, akavua kofia, akaja kuniita. Mama, hapa kwetu mfupa ukitoka ardhini kazi husimama. Niliwaita viongozi wa mtaa. Habari ilitangulia mbele yao, kwani kabla ya adhuhuri watu kama ishirini walikuwa wamesimama kando ya ukuta wangu. Ni wale ambao tangu mauaji ya 1994 hawajajua watu wao wamelala wapi. Hakuna aliyelia wala kuuliza. Walisimama kama wanafunzi wanaongoja majina yao yaitwe, nami mwenye nyumba sikujua niweke wapi macho yangu.

Daktari alifika, akatazama, akasema ni mtoto asiyetimiza mwaka, na mti wenye mizizi ile ulipandwa miaka mingi kabla ya vita. Watu wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, wakinipa mkono kana kwamba ni mimi niliyefiwa.

Mama mmoja alibaki. Anaitwa Pulchérie, anauza sokoni viazi vya Mudende. Kwa miaka thelathini anamtafuta mdogo wake, Jean de Dieu. Aliniomba beseni na maji ya uvuguvugu. Kiongozi akamwambia kwa upole kwamba huyu si wake.

“Najua,” akajibu. “Lakini hawezi kulala na udongo usoni.”

Viongozi walitazamana, wakamwacha. Aliosha mfupa mmoja mmoja, akaufuta kila chembe, akaifunga yote katika shuka nyeupe aliyoitoa Ingabire. Wameturuhusu kumtunza hapa mpaka ajulikane ni wa nani. Yuko chumba cha nyuma, Mama. Sikujua bado kwamba ndimo alimozaliwa. Niliona tu kwamba ndicho chenye utulivu.

Siku tatu baadaye ikafika barua yako. Niliipeleka Rugerero nikamsomea mzee Vénuste uani kwake. Alikuwa anapukuchua maharage. Nilipomaliza, mikono yake iliendelea kupapasa ungo ingawa maganda yalikuwa yamekwisha.

“Nilidhani mti utatosha,” akasema.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku ile ya kwanza. Akasema alikuwa ameapa kwako kufunga mdomo, na kiapo hicho ndicho kitu pekee chako alichobaki nacho. Alinipa jina lako akitumaini kwamba utasema wewe. Kuhusu vyumba vya wageni sikuwa nimemwambia kamwe. Hilo ni kosa langu. Na uliponiuliza juu ya mti, sikusikia ulichokuwa unaniuliza. Nalo ni langu. Nisamehe.

Msingi nimeufukia. Hapatajengwa kitu. Viongozi wamesoma barua yako, nao wako tayari tumzike Nziza makaburini, kwa jina lake, siku utakayosema wewe.

Mwanao,
Muhire


Idjwi, 25 Agosti 2024

Mutoto wangu,

Nimesoma. Nililala siku mbili, uso kwa ukuta. Siku ya tatu niliita batoto bangu bote bane, nikabaambia. Mukubwa alilia sana. Mudogo aliuliza Nziza alifanana na nani kati yao. Nikamujibu: “Na we.”

Sina hasira na we. Mi pia niliacha barua ya kwanza iende bila kusema.

Nitakuja Jumatano tarehe 4, na boti ya asubui, na mutoto mukubwa. Diane anipokee bandari. Mwambie Vénuste avae viatu. Na ule mama Pulchérie, tafazali, asikose.

Mama yako,
Verediane


Idjwi, 15 Septemba 2024

Mutoto wangu Muhire, na Ingabire binti yangu,

Jambo na aksanti. Mi nilifika muzima. Goti inauma juu ya ngazi za boti, lakini ni maumivu ya kazi iliyokwisha. Nyinyi muko aje? Ingabire alipumzika? Alipika kwa batu mingi.

Naandika polepole, juu kichwa yangu haijarudi yote. Ile asubui ya mazishi nilipoamuka kwenu sikujua niko mwaka gani. Ukungu ilikuwa ndani mpaka kitanda. Nikakaa nangoja Madame aite. Hakuna mutu aliita. Nikafurahi, sawa mutoto amesahauliwa kulala muchana.

Vénuste alikuwa ameazima viatu vya kijana yake, nyeusi, vinamubana, niliona anavyotembea. Miaka yote nilikuwa naogopa ile sura. Halafu nikaona ni muzee tu, anashika kofia. Alisema maneno, sikusikia. Nikaangalia midomo yake. Nafikiri alikuwa anamuimbia Nziza. Sikumuuliza mutu. Nilipenda ibaki vile.

Kuna kitu hamukuona, muliposhuka kwenda barabara kutafuta pikipiki za kurudisha wageni. Mi nilibaki kwa kaburi na Pulchérie. Alikuwa anataka kuniambia kitu, anasema, anasema, mi natikisa kichwa. Akaomba Diane kalamu. Akaandika juu ya karatasi ya kufungia maua, akanipa. Niko nayo hapa. Ameandika: “Mimi sina kaburi la kwenda. Naweza kuja kwa huyu?”

Nilimujibu kwa mudomo. Mi sijue sauti yangu inafika wapi, Diane ananiambia batu walikuwa barabara bote baligeuka. Nilisema: “Kuja. Ni wetu wawili.”

Akapiga magoti, akalia. Diane anasema ni mara ya kwanza anamuona vile, na soko moja banauza miaka kumi.

Sasa juzi Diane alituma habari na boti: kila Jumapili, misa ikitoka, Pulchérie anapanda kule. Anaketi. Anaongea. Banamusikia anataja majina mbili.

Donc, mutoto wangu, mi siwezi kupanda boti kila mara. Lakini we uko karibu. Kama unapita kule Jumapili, usipite kimya. Usalimie bote batatu kwa jina yangu: Nziza, Pulchérie, na Jean de Dieu.

Mama yenu,
Verediane