Chafya Nyuma ya Rafu

Jumatatu, 3 Machi
Maktaba ya chuo cha Biblia tena. Kiti kilekile cha dirishani. Mlinzi ameacha kuniuliza kitambulisho. Anadhani mimi ni mwalimu. Sijamsahihisha.

Nimeomba itifaki, ile orodha ya maneno yote ya Biblia na mahali yalipo, kamusi ya Biblia na vitabu viwili vya ufafanuzi. Vyote vya kusomewa humu humu. Sababu ni Pasta. Amekataza tusimpe mjukuu wangu jina kwa desturi yetu, ile ya kutaja marehemu wa ukoo mmoja mmoja mpaka mtoto apige chafya kwa jina atakaloitwa. Anasema ni kuita mizimu, kama yule mganga wa kike aliyemwitia mfalme Sauli nabii aliyekufa. Akaniambia: Lete ushahidi wa vitabu, Mama, si wa nyanya yako. Mwisho Ijumaa. Nikishindwa, Kipruto mwanangu atatii, na mtoto atapewa jina la kuokotwa kwa simu.

Pasta ana digrii. Mimi nina darasa la saba na miwani.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata pa kushika. Yule mganga alitaka marehemu aseme. Sisi hatumuulizi mtu kitu. Tunataja tu, mtoto anachagua. Na zile orodha za koo katika Agano la Kale ni kutaja tu, kurasa kwa kurasa, hakuna aliyeziita uchawi. Halafu kuna sheria ya ndugu kumwoa mjane ili kumwinulia marehemu jina. Pasta atakohoa akifika hapo.

Nikaanza kuandika majina ya ukoo wetu kama mfano, nikiyanong'ona. Tabutany. Tapkigen. Taplelei.

Nyuma ya rafu mtu akapiga chafya. Ndogo, kavu. Nikainuka kuchungulia. Ukuta.

Taplelei sikupaswa kumwandika. Ni dada ya baba mkwe wangu. Alikuja Eldoret msichana kufanya kazi kwa mzungu, hakurudi. Hakuna kaburi, hakuna habari. Na sisi tunaita waliokufa tu. Kumwita ni kumzika, na Mzee, huyo baba mkwe wangu, hajakubali kwamba amekufa. Naishi naye hapa Munyaka. Geti halifungwi komeo mpaka alale, dada yake asije akakuta limefungwa. Kwamba dada yake hajui hata tulihamia Munyaka, hilo halijadiliwi.

Jumatano, 5 Machi
Nimeenda kwa ujanja. Nimesoma wafalme wa Yuda kwa sauti ya chini, wabaya kwa wazuri. Kimya. Nimehama meza. Nimetaja marehemu wetu wote. Kimya.

Taplelei.

Chafya. Safari hii karibu na sikio.

Barasa, mkutubi, akaja na tambara. Vumbi hilo, Mama, Agano la Kale halisomwi siku hizi, wote wako kwa Ufunuo. Nikamwambia basi vumbi lenyewe linachagua majina. Akacheka. Halafu akaacha kucheka.

"Mimi husikia sufuria," akasema.

Sufuria gani?

"Asubuhi nikifungua. Kabla ya chuo hii ilikuwa nyumba ya mzungu, Mama. Hapo umekaa palikuwa jikoni."

Nimetoka bila kurudisha itifaki, nimefika nayo nyumbani. Naogopa. Naandika hivyo nisije nikajidanganya baadaye.

Alhamisi, 6 Machi
Sikwenda. Nimemalizia nyumbani. Mzee ameuliza mbona naandika kama karani wa korti. Nikasema ni mambo ya kanisa. Nusu ya kweli.

Ijumaa, 7 Machi
Pasta amesoma kurasa zangu mara mbili, kidole kwenye mstari. Alikohoa palepale. Akauliza nani alinisaidia. Maktaba, nikasema. Amekubali, kwa masharti: awepo, aombe kwanza, na ugoro hapana.

"Mtoto atapigaje chafya bila ugoro, Pasta?"

"Kama ni ya Mungu itakuja, Mama."

Nimeshinda kesi, nimenyang'anywa silaha.

Taplelei sitamtaja. Mzee atakuwa amekaa palepale. Siwezi kumzikia dada yake mbele ya macho yake, eti kwa sababu rafu ilipiga chafya.

Jumamosi, 8 Machi
Kimumu, kwa Kipruto. Nelima mkewe alimpakata mtoto. Kwao Bungoma mtoto hulia mpaka jina lake litajwe, ndipo anyamaze. Huyu wetu hakulia, hakupiga chafya. Alitutazama tu kama mtu aliye kwenye foleni.

Niliita wote. Nikarudia. Jasho. Pasta akaangalia saa. Akasema basi tumwite Blessing, twende kwa chai. Kipruto akaanza kuitikia kwa kichwa.

Mzee alikuwa ameegemea fimbo. Hakuinua uso.

"Umeruka mmoja," akasema.

"Mzee, huyo..."

"Ita."

Nikaita.

Mtoto akapiga chafya. Ndogo, kavu. Naijua.

Pasta alishika Biblia yake kwa mikono miwili. Nelima ndiye aliyeanza vigelegele, wengine wakafuata. Mimi nilitafuta mahali pa kukaa.

Jumatatu, 10 Machi
Maktaba. Nimerudisha itifaki mahali pake. Nimekaa, nimelitaja jina. Nimelitaja tena. Hakuna kitu. Barasa anasema hata sufuria hazijasikika leo. Alionekana kama mtu ambaye jirani yake amehama.

Jioni Nelima alimleta mtoto. Mzee akaomba apewe. Alimkalisha kwenye goti, akamtazama sana, akamrekebishia kofia.

"Umechelewa," akamwambia.

Mtoto alishika kidole chake, akalala. Walikaa hivyo mpaka giza. Nelima alipoondoka naye, Mzee aliwasindikiza hadi barabarani. Kisha nikasikia komeo la geti. Amelifunga mwenyewe.