Mfuniko wa Kasha la Zambarau

Mwanangu fundi,

Nimesafiri, nitarudi Ijumaa. Chai ipo kwenye chupa. Tambara la mafuta nimelitandaza uani. Usilikunje; likikunjwa hupata joto lenyewe, lisije likashika moto.

Ndiyo, nilipaka. Asubuhi uliponiambia, "Baba, mafuta yatalizeesha kasha," nilikasirika. Ubao ule wenye zambarau yake ya asili nimeuzungusha nchi za watu miaka tisa, leo nifundishwe kuupaka? Ulipotoka tu nikaugeuza mfuniko, nikaanzia upande wa ndani, pembeni. Nikaenda kufungua dirisha nipate mwanga, nikaviona vile vipande vyako vya majaribio ulivyovianika juani tangu mvua ziishe, kila kimoja nusu umekifunika karatasi. Cha mafuta kimekuwa rangi ya chai iliyolala. Cha vanishi ya maji, ile ya kuzuia jua, bado zambarau kabisa. Na miezi yote hiyo hukunitambia hata neno.

Mimi niliubeba tu ubao, mwanangu. Rangi yake umeilinda wewe.

Paka vanishi yako, mikono mitatu, mmoja ukikauka ndipo mwingine. Kopo la mafuta ~~usiliguse~~ mpe jirani. Doa langu ~~lipige msasa~~ liache. Kila atakayelifungua kasha aone tofauti ya fundi na baba yake.

Baba yako mkaidi