Mpaka Mwili Uamke Wenyewe

Mjukuu wangu Neema,

Huku Heru Juu hatujambo, maharage yamekomaa. Ila umenichosha! Unauliza tena kama unaweza kuacha vidonge, eti kwa kuwa uvimbe wa kichwani umeshatolewa.

Nilipotolewa wangu miaka ya sabini, mama mkwe alivificha vidonge vyangu. "Umeshapona, dawa za nini?" Nikaanguka shambani, nikabebwa hadi hospitali, Kasulu. Daktari akamfokea mama mkwe: "Uvimbe ndio uliokuwa ukiziamrisha tezi za juu ya figo zake; umetolewa, nazo bado zimelala! Dawa inapunguzwa polepole mpaka ziamke."

Zililala zaidi ya mwaka. Kisha asubuhi moja nikamgombeza babu yako mpaka nikamaliza, bila kukaa chini kupumzika. Akacheka hadi machozi: "Umerudi!" Hata hivyo, niliendelea kumeza mpaka daktari alipopima damu na kuona tezi zimeamka.

Meza na wewe, mama.

Bibi yako