Mguu Umekamilika, Mimi Bado Nausugua

Mshauri mpendwa, shikamoo, na unisamehe kwa haraka hii, lakini nahitaji neno lako kabla ya Ijumaa, maana hapa nilipo sikai nikatulia, nikikaa nasimama, nikisimama sijui nilikuwa naenda wapi, na mume wangu jana aliniona ninavyozunguka sebuleni akaniuliza kama nimepoteza kitu, nikamwambia ndiyo, basi akaanza kuinua mito ya viti kunisaidia kutafuta.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na minane, kazi yangu ni kutengeneza miguu bandia katika karakana ya hospitali, na huu ni mwaka wa kumi na moja. Wenzangu wananiita Mama Subiri. Jina hilo ni la utani, wamenipa kwa sababu mgonjwa akishavaa mguu, akatembea katikati ya zile fito mbili za chuma za kujifunzia, akageuka, akacheka, na kila mtu akaona kazi imekwisha, mimi ndiye ninayesema subiri, hebu vua kidogo niangalie tena, na nikishauchukua narudi nao kwenye msasa, nasugua palepale nilipokwisha kusugua. Ndani yangu kuna sauti, mshauri, usinicheke, ni sauti yangu mwenyewe kabisa ila imekasirika, inaniambia: Wewe kazi hii huijui. Unabahatisha tu. Siku moja watakugundua.

Sauti hiyo haikuzuka hivihivi. Mwaka wangu wa pili nilimtengenezea mguu dereva mmoja wa lori, na kile kikombe cha juu ambamo kigutu cha mguu huingia kilibaki na ncha ndogo ukingoni ambayo sikuiona, naye mtoto wa watu alikuwa mvumilivu, akavumilia mpaka kigutu kikachubuka, kikafanya kidonda, akalazwa wiki tatu. Fundi wetu mkuu, ambaye tunamwita Mzee Plasta kwa kuwa hata nyusi zake huwa nyeupe kwa unga wa plasta, hakunifokea. Alinionyesha ile ncha, akasema, "Pitisha kidole kila mara, hata ukiwa na haraka," kisha akaniachia niutengeneze upya mwenyewe. Dereva alipona, akarudi barabarani. Kila mwaka anakuja kubadilishiwa mikanda, na kila mwaka nikimwona getini najifungia chumba cha plasta mpaka aondoke.

Sasa yaliyonileta kwako. Miezi mitatu iliyopita tulimpokea mwalimu wa hesabu, mama wa makamo, aliyekatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya kisukari. Ni mcheshi, siku ya kupimwa aliniambia, "Mwanangu, nimefundisha miaka ishirini na sita nikiwa nimesimama. Nikikaa tu, wale watoto watalala." Alitaka jambo moja, shule zikifunguliwa aingie darasani kwa miguu yake, na mwalimu mkuu alikuwa amemshikia darasa lake la wale wa mtihani wa mwisho. Nikampima, nikamfunga plasta, nikatengeneza, na wiki tano kabla ya shule kufunguliwa akauvaa, akatembea kutoka kwenye fito mpaka mlangoni na kurudi. Mzee Plasta akapiga makofi. Mimi nikasema subiri.

Akarudi nyumbani kwa magongo. Wiki iliyofuata akaja, ukamkaa vizuri, nikasema naona kisigino kama kimelala upande, subiri. Wiki ya tatu nikasema anachechemea, na kweli alikuwa anachechemea kidogo, lakini mshauri, mtu mwenye mguu wa siku tatu atatembeaje? Mara ya nne hata sikumpa auvae. Nilimwambia haujawa tayari, nao ulikuwa kabatini chini ya meza yangu, umefungwa kwenye kitambaa, nimeusugua mpaka unang'aa kama sahani ya wageni.

Juzi Jumatatu shule zikafunguliwa. Saa nne asubuhi nikamwona anaingia kwa magongo, amevaa gauni lake la kazini, kalamu nyekundu mfukoni. Alikuwa anatoka shuleni. Mwalimu mkuu alimwambia amengoja mpaka amechoka, watoto wa mtihani hawawezi kukaa bila mwalimu, darasa amepewa mwingine. Hakunipigia kelele. Aliketi kwenye benchi, akaniomba mguu, nikampa, akawa anaugeuza mapajani kama anayekagua daftari, halafu akaniuliza, "Mwanangu, huu mguu una kasoro gani ambayo mimi niliyeuvaa mara tatu siioni?"

Nikafungua mdomo. Nilitafuta kasoro, mshauri, naapa niliitafuta, nilitamani iwepo.

"Sijui, Mwalimu," nikasema.

"Hujui." Akanirudishia mguu, akachukua magongo yake. "Haya. Ukijua, utanipigia simu."

Na jana, siku moja tu baada ya hayo, mganga mkuu kaniita ofisini. Mzee Plasta anastaafu mwisho wa mwezi, wamekaa wakakubaliana mimi ndiye nichukue nafasi yake, jibu wanalitaka Ijumaa. Mimi huyu! Nimeshaandika barua ya kukataa, imo kwenye mkoba. Lakini nikikataa, kazi atapewa mwenzangu tunayemwita Chapchap, mtu mzuri, tatizo miguu yake anaitoa kama mikate, na hilo nalo linaninyima raha. Mume wangu anasema, "Mama watoto, wewe hata chumvi unaionja mara tatu, watampata wapi mwangalifu kama wewe?" Mzee Plasta nilipomwambia siwezi, aliniuliza tu, "Nani kakwambia?" nami nikaona aibu kusema ni mimi.

Nikatae? Na sauti hii naizimaje? Nimeomba dua, nimefungulia redio mpaka majirani wakalalamika, nimesimama mbele ya kioo nikajiambia mimi ni hodari, nikajiona mwongo.

Mama Subiri

SHANGAZI ANAJIBU

Mama Subiri, marahaba. Barua yako imenifikia Jumatano, na kwa kuwa Ijumaa yako haiwezi kungoja gazeti, nimekutumia jibu siku hiyohiyo. Wasomaji wanalisoma leo kama lilivyokuwa.

Kwanza, pole. Kufanya kazi miaka kumi na moja huku mtu anakutukana sikioni si mchezo, hasa mtu huyo akiwa na funguo za nyumba yako. Wengi wangeacha. Wewe kila asubuhi umevaa koti lako ukaenda. Hilo nimeliona.

Pole imekwisha. Sasa nikuseme.

Unaniandikia kana kwamba anayeteseka hapa ni wewe peke yako. Nimehesabu: mwalimu amekuja kwako kwa magongo mara nne baada ya mguu kuwa tayari, na ya tano akiwa ameshapoteza darasa. Dereva alilazwa kwa sababu hukuangalia. Mwalimu amekaa nyumbani kwa sababu hukuacha kuangalia. Mikono yako haikumkosea huyu mama hata kidogo, mguu ulimkaa tangu siku ya kwanza. Kilichomkosea ni woga wako, nao umevaa nguo za unyenyekevu ndiyo maana kila mtu anakusifu kwa uangalifu. Mumeo anakupenda, lakini katika hili la chumvi hajakusaidia.

Unaniuliza utaizimaje sauti. Mimi nakuuliza, je, inakwambia nini hasa? Soma barua yako. Mzee Plasta alipokukosoa alikuonyesha ncha, mahali pake, ukaishika kwa kidole, ukairekebisha, basi. Hiyo sauti yako imekuonyesha nini miezi hii mitatu? Kisigino "kama" kimelala. Mwalimu kakuuliza kasoro, nawe mtaalamu mzima hukuwa na jibu. Anayejua kazi anakutajia kosa. Asiyejua anakutukana wewe. Kuanzia sasa ikianza kelele zake, iulize: wapi? Nionyeshe kwa kidole. Ikionyesha, shika msasa, inaweza kuwa kweli. Ikishindwa, weka msasa chini. Na kile kioo achana nacho. Huna haja ya kujiita hodari ili umpe mtu mguu wake.

Kesho Alhamisi, kabla hujagusa kazi nyingine, uchukue huo mguu uende nyumbani kwa mwalimu. Usimwite aje, ameshakuja vya kutosha. Mwambie haukuwa na kasoro, uliogopa, na woga wako umemkosesha darasa. Usilie mbele yake, maana ukilia atalazimika kukubembeleza, naye hana deni hilo. Akivaa, nendeni pamoja kwa mwalimu mkuu, na wewe ndiye useme kwamba ucheleweshaji ulikuwa wako. Darasa huenda lisirudi. Utakwenda hata hivyo.

Ukirudi karakanani chukua karatasi, uandike yale unayopaswa kukagua kabla mguu haujatoka: ukingo, urefu, kisigino, mikanda, na mengine unayoyajua wewe. Mzee Plasta aipitie. Kila mguu uukague kwa karatasi hiyo mara moja, mgonjwa atembee, umuulize panapouma, kisha atoke nao mlangoni. Wiki mbili baadaye arudi umwangalie. Mguu hurekebishika, Mama Subiri, ndiyo maana Mungu kaumba mikanda na skrubu.

Yule dereva naye, mwaka huu akija, toka chumbani umsalimie. Umemkimbia miaka tisa, na yeye muda wote anatembelea kazi ya mikono yako.

Kuhusu cheo, chana hiyo barua. Si kwamba najua utaweza. Sijui, sijakuona ukifanya kazi. Ila fundi mkuu anakujua, mganga mkuu anakujua, na anayekupinga ni mmoja tu, tena hata kasoro moja hajaweza kuitaja. Kubali kwa sharti: Mzee Plasta aje siku mbili kwa wiki kwa miezi mitatu ya kwanza. Chapchap mpe ile karatasi naye. Yeye itampunguza mwendo, wewe itakuongeza.

Wasomaji, mambo yalivyokwenda ni haya. Jumamosi alinipigia simu. Alikwenda kwa mwalimu, akamkuta anamenya viazi, akayasema yote mlangoni kabla hajakaribishwa. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akasema, "Nipe basi nivae, usije ukabadili mawazo." Walitembea mpaka shuleni, polepole, wakipumzika mara mbili. Darasa la mtihani halikurudi. Mwalimu mkuu alimpa wale wa kidato cha kwanza, asubuhi tu, na mwalimu alikubali bila furaha na bila kumfichia Mama Subiri kwamba hana furaha.

Ijumaa alimjibu mganga mkuu ndiyo, pamoja na sharti.

"Lakini Shangazi," akaniambia, "sauti haijanyamaza. Hata nilipokuwa natia sahihi ilikuwa inanizomea."

"Ilikuonyesha kosa?"

"Hapana."

"Jumatatu una wagonjwa wangapi?"

"Wanne. Na watatu miguu yao iko tayari."

"Tayari kabisa?"

Nilimsikia akivuta pumzi, nikajua lile neno lake, subiri, limeshafika mdomoni.

"Tayari," akasema.

"Basi kata simu, uwapigie hao watatu uwaambie hivyohivyo."