Kona ya Kushoto Usiiguse

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Ile plastiki kuukuu ya kukinga rangi mbele ya gari letu la kulala safarini nimeshaibandua, imebaki upande wa dereva tu. Ipashe moto kwanza kwa mashine yangu ya kukaushia nywele, kisha vuta polepole. Jana ulivuta kwa pupa, rangi ikatoka nayo, halafu ukaninunia mimi!

Gundi ifute kwa mafuta ya taa na kitambaa laini. Ila chini ya taa ya kushoto usiguse. Asubuhi nimekuta pale, kwenye gundi, alama ya kiganja cha kitindamimba wetu, vidole vyote vitano. Unakumbuka siku tulipoibandika hiyo plastiki? Alitaka kusaidia, ukamfokea mpaka akajificha chini ya meza. Sasa mkono wake ni mkubwa kuliko wangu, na kwetu anakuja kama mgeni.

Anua nguo mvua ikianza.

Mnunuzi wako akija saa nne ~~mpe funguo~~ mwambie gari bado. Funguo usihangaike kuzitafuta. Ninazo mkobani, na sijui nitarudi saa ngapi.

Mama watoto